Mfunua Kurasa

Jina langu haliko kwenye santuri ile.
Liko la Hansoulle, mpiga fidla, kwa herufi za dhahabu,
na chini yake, kwa herufi zilizobanana,
la mpiga piano, Madamu Collard.
Mimi ni ile kelele ya dakika ya tatu.

Liège, Februari, mwaka wa thelathini na nane.
Mto Meuse umebeba vipande vya barafu,
masizi ya viwanda vya chuma yametua juu yake,
weusi juu ya weupe, kama noti.
Ukumbi ulikuwa wa kampuni ya bima iliyofilisika;
kutani wametundika mablanketi ya jeshi
ili sauti isirudi kuuliza maswali.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi moja:
kusimama kushoto kwa Madamu,
kusoma anachosoma, kuona kichwa chake kikiinama,
kushika pembe ya karatasi kwa vidole viwili,
kufunua.
Walinivua viatu kwa kuwa vililia.
Walinivua bangili.
Fundi wa mitambo, Wathelet, mtu wa mafua,
alitaka hata nisipumue, akaona haya kuniambia.

Ninyi wa siku hizi hamjui nta.
Sahani ilitolewa kwenye kabati la joto
kama mkate, ikawekwa, sindano ikashuka,
na hapo tena hapana "samahani", hapana "turudie kidogo".
Ukikosea dakika ya nne,
dakika tatu njema zinakwanguliwa pamoja nayo.
Tulikwishakwangua sita.
Ya saba ndiyo ya mwisho kabatini.

Hansoulle alifumba macho.
Sitasema fidla ililia, wala iliimba;
wameyasema hayo wanaolipwa kwa neno.
Nasema nilichokiona: alama nyekundu chini ya taya,
kama punje ya dengu;
kidole cha nne kimepasuka kwa baridi,
naye akabonyeza papo hapo penye ufa,
na ule uzi mwembamba ukatoa kitu
ambacho mpaka leo, nikichemsha maziwa,
nakisikia kabla hayajafurika.

Nikasahau kusoma.
Madamu akainamisha kichwa. Akainamisha tena.
Nikazinduka, nikafunua kwa pupa:
khwap!

Husemwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Yangu yalikuwa karatasi.

Hakuna aliyenigombeza.
Hansoulle akafuta unga wa ulimbo chini ya nyuzi,
akasema, "Iacheni. Chumbani kulikuwa na mtu.
Afadhali wajue."

Santuri ikauzwa Ostend, Lyon, hata ng'ambo ya bahari.
Mimi nikaolewa na muuza makaa, nikazaa, nikazika.
Hansoulle alikufa vita vikiisha,
kwa mapafu tu, si kwa ushujaa.
Na kila Jumapili jioni, miaka arobaini na zaidi,
niliiweka, nikaketi, nikangoja dakika ya tatu
kama mtoto anayengoja jina lake liitwe darasani.
Khwap.
Nipo.

Wiki iliyopita kijana alikuja kutoka Brussels,
mpole, kucha safi,
mkononi ana sahani ndogo inayong'aa kama kioo.
"Tumeisafisha kwa kompyuta, Bibi.
Mikwaruzo yote, mivumo yote.
Sasa utamsikia yeye peke yake."

Tukasikiliza. Kweli, fidla ilikuwa karibu,
kana kwamba mpigaji amekalia stuli ya jikoni.
Dakika ya tatu ikaja.
Ikapita.
Palikuwa laini, kama ufizi
mahali pa jino lililong'olewa.

Nilimshukuru. Nikampa kahawa na biskuti za mdalasini,
akala tatu, maskini, alikuwa na njaa.

Alipoondoka nilichukua gazeti la jana,
nikairudisha sahani mwanzo,
nikasimama kushoto kwa mashine
bila viatu, sakafu baridi,
nikitazama kichwa kisichokuwapo.
Kikainama.
Nikachelewa makusudi.